Vitalis wa Hapana Nafasi

"Basi mwambie Godwin mwenyewe. Mimi nimechoka kuwa mdomo wako!" Anjelina alisema, akaacha kutwanga, mchi ukabaki umesimama ndani ya kinu kama mgeni aliyenyimwa kiti.

"Godwin si huyo hapo, anasikia," Vitalis akamjibu mkewe. "Koo linaniuma."

"Koo! Koo linakuuma tangu Majilio yaanze, na juzi tu umemfokea mbuzi wa Mama Mujibu mpaka akasahau njia ya kwao."

Mbuzi ni wangu, na Mama Mujibu ni mimi. Na kweli alisahau njia. Tulimpata kijiji cha Chidya, anauliza watu.

Godwin, katekista wetu, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia juu ya goti. Ana upole wa watu wa kanisa, ule unaokubana kama kiatu kipya. "Mzee Vitalis," akasema, "jua likishuka kidogo tu Maria atakuwa hapa. Wanakwaya wameshaanza kukusanyika kule chini kwa Bibiana. Zamu leo ni ya nyumba yako. Sasa nani atawakatalia?"

"Wakatalie wewe."

"Mimi ndiye ninayebisha. Nibishe nje, halafu nikimbilie ndani nikajikatalie?"

"Basi wasikataliwe. Wafungulieni mara ya kwanza. Kuna dhambi gani mtu kufunguliwa mara ya kwanza?"

Nilikuwa nachambua kunde kwenye ungo, nikaacha. Maneno hayo, kutoka kinywa kile, ni sawa na fisi kukuomba chumvi ya kutilia mchicha.

Huku kwetu upande wa Lulindi, wiki zile za Majilio, kabla ya Krismasi, Wakristo humtembeza Maria. Wana sanamu yake ya mpingo, kaichonga fundi mmoja wa Newala: fupi kama mkono wangu, mashavu manene, midomo ya Kimakonde yenyewe, humvisha khanga kama mwari. Kila alasiri inayoelekea magharibi wanambeba kwa nyimbo mpaka nyumba yenye zamu. Nje wanabisha, "Hodi, tunaomba mahali pa kulala." Ndani kuna mtu wa kujibu, "Hapana nafasi!" Wanabisha tena, wanafukuzwa tena. Wakibisha mara ya tatu, komeo linavutwa, mlango unafunguliwa, vigelegele, Maria anaingia analala hapo mpaka kesho, na watu wanakunywa togwa na kula ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Mimi ni Mwislamu, na sikosi. Bibi Mariamu ni wetu pia. Sisi kwetu alijifungulia chini ya mtende, wao wanasema zizini. Hilo watalimaliza wenye vitabu, mimi nipeni kata ya togwa.

Na mwenye kujibu "Hapana nafasi", tangu meno yangu yakiwa yote kinywani, alikuwa Vitalis. Nyumba yoyote yenye zamu, ataitwa yeye akae nyuma ya mlango. Ana sauti huyo! Akikohoa hapa, kuku wa Chidya wanashuka kwenye vitanda vyao vya kulalia. Walipomtia kwenye kwaya akiwa kijana mdogo, padre wa siku zile alimwomba aimbie nje ya kanisa, kwa sababu vigae vilikuwa vya zamani. Na hakukataa kwa neno moja kama wengine. Yeye alipamba. "Hapana nafasi! Kitandani amelala shemeji, chini ya kitanda amelala shemeji wa shemeji, kwenye chungu amelala jogoo na hataki kelele!" Watu ndani wanashika mbavu. Kila mwaka alikuja na mapya: mbu waliopanga chumba, punda mwenye homa, mama mkwe anayekoroma. Mpaka watoto wakamwita hivyo barabarani, Vitalis wa Hapana Nafasi, naye akaitika, akacheka.

Lakini nje ya mlango huo, mtu mwenyewe hakuwa na makuu. Mikorosho yake michache aliyoachiwa na wajomba, shamba la mtama na mbaazi, msimu wa kupuliza mikorosho unga wa salfa anajifunga khanga ya mkewe usoni, anarudi nyumbani mweupe kama aliyefufuka. Kwao walizaliwa wawili tu, yeye na dada yake Cecilia. Cecilia alipofariki aliacha kitoto cha kike, Regina, ndiyo kwanza kimeanza kukimbia. Nanyi mnajua kwetu: mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye mtoto ni mjomba. Baba anaweza kuwa mtu mzuri tu, lakini neno la mwisho ni la mjomba. Njomba, tunavyotamka sisi.

Vitalis na Anjelina hawakujaliwa mtoto. Huyo Regina wakamlea kama yai kiganjani. Vitalis alimpakia kwenye baiskeli kwenda shule, kushuka na kupanda, na mvua ikinyesha alimfunika kwa koti lake, yeye analowa. Na Majilio yakikaribia, mimi mwenyewe nilikuwa nawaona uani mwao: mtoto nje ya mlango, mjomba ndani. "Hodi, naomba mahali pa kulala." "Hapana nafasi, chunguni amelala jogoo!" Mtoto anacheka mpaka anakaa chini. "Hodi!" "Hapana nafasi!" Ya tatu mlango unafunguka, anarushwa juu, anadakwa. Mchezo huo waliucheza mpaka Regina alipoota matiti na kuona haya kurushwa. Kwa hiyo maneno yote ya mjomba wake, ya zamani na mapya, Regina aliyajua kuliko katekista anavyoijua Baba Yetu.

Wakaja kuharibikiwa kwa jambo la kawaida. Regina akapendana na Emmanuel, fundi pikipiki wa Makote, kule juu Newala. Watu wa Emmanuel wakaleta posa kwa mjomba, kwa adabu zote. Vitalis akawaambia wangoje msimu wa korosho upite. Msimu ukapita, akawaambia wangoje mvua. Hakuwa na ubaya na kijana. Alitaka tu kubembelezwa, aonekane ametoa kitu kizito. Regina akachoka kungoja. Akafunga mzigo wake akaenda Makote bila neno la mjomba, na hiyo kwetu ni kumvua mtu nguo sokoni. Vitalis akasema mbele za watu, "Aliyeondoka kwa hiari yake simfuati." Akafunga mdomo. Nyumba ikapoa.

Sasa Majilio ya mwaka jana. Zamu ilikuwa hapa hapa kwa Vitalis. Tulijaa ndani, mimi nimeshika nafasi yangu karibu na mtungi. Ikashuka mvua, wallahi, mvua ile ilikuwa inanyesha kutoka chini na juu. Vyura walipanda darini kutafuta pakavu. Mabati yakapiga kelele ukashindwa kumsikia jirani yako anayekutafunia sikioni. Waliombeba Maria wakawa wamejibanza kwa Bibiana kungoja ipungue, sisi hatuna habari. Mara tukasikia mlango ukigongwa.

"Wamefika!" watu wakasema. Vitalis akajiweka sawa, sikio kwenye mbao, komeo mkononi.

Nje ikasemwa kitu. Sisi hatukusikia neno, mabati hayo. Vitalis akanguruma, "Hapana nafasi! Humu wamelala hata vyura, na wamelipa mapema!" Tukacheka. Na mimi nilicheka, kwa nini nisicheke?

Mlango ukagongwa tena, polepole. Nikamwona Vitalis ameinamisha kichwa. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akasema kwa sauti ile ile, lakini safari hii hakutugeukia atuone tukicheka: "Aliyeondoka kwa hiari yake, arudi kwa hiari yake alikotoka!"

Watu wakapiga makofi, wakaona ni jipya la mwaka huo.

Tukangoja ya tatu. Ya tatu haikuja. Vitalis mkono kwenye komeo, anangoja. Mtu mmoja akasema, "Maria kakasirika leo." Tukacheka tena, kidogo. Baadaye ndipo tukasikia nyimbo zikija kwa mbali kutoka kwa Bibiana, na Godwin alipoingia na sanamu yake imelowa khanga, akasema, "Njiani tumempita dada mmoja ana mimba kubwa, hakuitikia salamu. Nilidhani anatoka kwenu."

Anjelina alitoka bila viatu.

Hakumkuta. Regina alikuwa ameshaingia kwangu, kwa mkamwana wangu Faidha, ambaye hakuuliza swali. Alimpa khanga kavu, akamwashia moto. Mwanamke wa kwetu mimba ya kwanza anarudi kujifungulia kwao. Mama hana, kwao ni kwa mjomba. Alikuja kujifungua, na alikuja kupatana. Alichagua Majilio, kwa sababu gani unadhani? Faidha anasema hakula kitu, alikunywa maji tu, akatazama moto. Asubuhi alipanda lori la Shamte lililokuwa linapandisha Newala, akarudi Makote na tumbo lake. Akajifungulia huko, mtoto wa kike, salama.

Kijiji kikakaa kikazungumza, kikaona ni bahati mbaya. "Masikini Vitalis, alidhani ni Maria." Kila mtu alisema hivyo. Padre alisema. Mimi nilisema. Na Vitalis mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Nilidhani ni Maria," akatazama pengine.

Tangu hapo mtu yule akawa wa ajabu. Kwaya aliacha. Ukimpigia hodi hajibu akiwa ndani, anatoka mwenyewe mbio mpaka nje. Mara moja alitoka bafuni na povu masikioni, taulo ameishika kwa meno, kumbe ni muuza dagaa. Wageni aliwakaribisha mpaka wakaogopa. Mwendawazimu mmoja wa njiani alilishwa hapo mpaka akapona, akaoa. Lakini Makote hakwenda. Anjelina alikwenda peke yake, mara na mara, na unga wa mtama, na khanga, na maneno ya mume wake: mwambie nilidhani ni Maria. Regina alipokea unga, alipokea khanga. Maneno hakuyapokea wala hakuyarudisha.

Ndiyo nikawa nimefika hapa, na ungo wangu wa kunde, katikati ya ugomvi wao.

"Mzee," Godwin alikuwa anasema, "usijihukumu. Lile lilikuwa kosa tu. Mungu anajua, sisi tunajua, hata Regina moyoni anajua."

"Regina hajui!" Anjelina akarukia. "Mimi ndiye ninayekwenda Makote, Godwin, si wewe. Namwambia, mwanangu, njomba wako alidhani ni Maria, mvua ilikuwa kubwa. Ananitazama. Ananitazama hivi, mpaka najiona mimi ndiye mwongo. Mtoto anatambaa sasa. Anashika miguu ya viti. Huyu hapa hajamwona hata kisigino! Na leo anataka tumfungulie Maria mara ya kwanza, ili aonekane ametubu. Katubie Makote!"

"Nitakwenda," Vitalis akasema.

"Lini?"

"Mvua ikipungua."

"Haya. Mvua. Kwanza ilikuwa korosho, sasa mvua."

Hapo niwaambie na langu, maana wao walikuwa hawajalijua. Asubuhi ya siku hiyo nilimwambia Faidha anibonyezee simu, mimi namba hazinijui. Regina alipopokea nilimwambia mjomba wake ameanguka shambani. Nikaona amenyamaza, nikaongeza kidogo: kwamba hali mbaya, kwamba kinywa kimepinda, kwamba amemtaja yeye na marehemu mama yake kwa zamu. Nikaona bado amenyamaza, nikamwambia seremala ameshakuja kumpima urefu. Faidha aliziba mdomo kwa khanga, sijui ni kucheka au ni kumwogopa Mungu. Regina alisema, "Sawa, bibi," akakata. Sikujua kama ameamini. Lakini uongo ukiusema vizuri asubuhi, mchana unaanza kukuwasha. Nilikuja kwa Vitalis nikaketi mahali ninapoona njia.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshasema uongo wangu, nikaona nimchokoe na yeye wa kwake.

"Vitalis mwanangu," nikasema.

"Naam, mama."

"Nimekaa nyuma ya mlango na wewe miaka nisiyoijua. Jogoo wa chunguni nimemcheka. Mama mkwe anayekoroma nimemcheka, na alikuwa rafiki yangu. Yote yako nayajua, na yote ni ya kuchekesha. Sasa nisaidie mwanamke mzee: lile la hiari yake, alikotoka, lilitokea wapi? Maana siku ile tulicheka kwa mazoea tu. Ukilitazama vizuri halichekeshi."

Godwin akaokota kofia yake, akaiweka tena.

"Mama Mujibu, acha," Vitalis akasema.

"Naacha. Nauliza tu. Mtu kama alidhani ni Maria, Maria ameondoka wapi kwa hiari yake?"

Anjelina hakuwa ameshika mchi tena. Alikuwa amemtazama mumewe kama mtu anayetazama mtungi wake mwenyewe na kuona ufa ambao maji yamekuwa yakitoka siku zote.

"Vitalis," akasema polepole. "Ulisikia nini mlangoni?"

"Mvua."

"Ya pili. Alipobisha ya pili, alisemaje?"

Vitalis alisimama. Nilidhani anatoka nje, kama kawaida yake ya kutoka kuangalia mbuzi. Alitembea mpaka katikati ya chumba akakwama hapo, mikono haijui pa kukaa.

"Alisema, Njomba, ni mie."

Nje mchirizi ulikuwa unadondoka kwenye ndoo.

"Ya kwanza sikumjua," akasema. "Haki ya Mungu, Anjelina, ya kwanza sikumjua. Ya pili alisema, Njomba, ni mie, nimechoka. Sikio langu lilikuwa hapa kwenye mbao, kama alininong'oneza. Nyie mlikuwa mnacheka. Nikasema moyoni, kumbe amerudi. Nikafurahi. Wallah nilifurahi," akaapa kiapo changu, Mkristo wa watu, "na kwenye furaha hiyo hiyo nikaona na mimi nimrudishie kidogo. Kidogo tu. Aonje alivyonionjesha mbele za watu. Nikasema lile neno."

"Na mtoto tumboni," Anjelina akasema.

"Nilijua yuko karibu kubisha ya tatu! Anaujua mchezo. Tangu mdogo anajua ya tatu nafungua. Mkono ulikuwa kwenye komeo, mama huyu shahidi, nilishalivuta nusu. Nilikuwa nangoja ya tatu. Nikangoja. Nikasema, huyu ana kiburi cha marehemu dada, atabisha tu. Nikangoja..."

"Na mwaka mzima," Anjelina akasema, sauti imekuwa ndogo, "mwaka mzima ukanituma mimi nikamdanganye. Nibebe unga kichwani na uongo wako mdomoni. Na yeye alijua! Alikuwa ananitazama vile kwa sababu alijua!"

"Alijua."

"Kwa nini hukwenda mwenyewe?"

"Ningemwambia nini? Wewe unaweza kusema ni bahati mbaya, una uso wa kusemea. Mimi nikifika pale nikamwona, na yule mtoto, lazima niseme kweli. Na kweli nikiisema, kijiji kizima kinachonionea huruma..." Akatikisa kichwa. "Nimekula huruma yenu mwaka mzima, Godwin. Mmeniletea hata kuku. Nimemla yule kuku."

Godwin ana vitabu vingi vya kujibia mambo, lakini naona hilo la kuku halimo.

Mimi nilikuwa nimeacha kumtazama Vitalis. Njiani, chini kule penye mikorosho ya Bibiana, niliona mwavuli. Chini ya mwavuli mwanamke anatembea haraka, viatu ameshika mkononi, mgongoni amefunga mtoto. Moyo wangu ukafanya kama mbuzi aliyeona Vitalis. Nikasema niwaambie. Nikafikiri, niwaambie nini? Kwamba wewe Vitalis jilaze upesi, upinde kinywa?

"Vitalis," nikaanza, "kuna kitu kidogo nilikisema kwenye simu leo..."

"Subiri, mama. Acha nimalize, maana nikiacha sitaanza tena." Alimgeukia mkewe, mgongo ukielekea mlangoni, na sauti yake ile ya kushusha kuku, aliyoificha mwaka mzima, ikamrudia yote bila yeye kujua, ikajaa nyumba ikatoka hadi uani. "Jioni hii hii, Godwin, waambie wote wakifika. Kwamba sikudhani ni Maria. Nilimjua ni Regina, nilimsikia kwa sikio hili, mtoto wa dada yangu, ana mimba, analowa, nikamfukuza kwa maneno yaleyale ya kwangu, na kama angebisha hata..."

Mwavuli ulikuwa umeshafungwa. Regina alikuwa amesimama kizingitini, maji yanamtiririka miguuni, anahema, macho yakimtafuta mgonjwa kwenye mkeka, kisha kitandani kupitia mlango wa chumba ulio wazi, kisha kwenye mgongo wa mtu mzima aliyesimama wima katikati ya nyumba, mzima wa afya. Mtoto alichungulia begani kwake.

Vitalis aliona macho ya Anjelina yakimpita kuelekea mlangoni, akaliacha neno hapo hapo. Hakugeuka. Nami nikainamia ungo, nikatafuta mchanga kwenye kunde nilizokwisha kuchambua.